Weupe wa Karatasi

3 Machi

Leo ni Jumatatu, tarehe tatu Machi, na imetimia miaka arobaini na mmoja tangu tufunge mlango wa kwetu na kuondoka. Nasema "tufunge" kwa mazoea tu. Aliyefunga ni dada yangu. Mimi nilikuwa nimeshafika barabarani na godoro kichwani. Kila mwaka siku hii huandika mstari mmoja popote penye karatasi: bado tupo. Mwaka huu nina zaidi ya mstari.

Asubuhi binamu alipiga simu kutoka huko kwetu. Yeye alirudi mwaka jana. Anasema njia imefunguka, watu wanarudi na hakuna anayewauliza kitu. Nikamwuliza kama nyumba ipo. Akasema ipo, kisha akakohoa, kisha akasema, "Kuta zipo." Akamalizia: mvua ikikatika, mje.

Dada alikuwa ameketi ubavuni mwangu, amekuja kunywa chai kama kila Jumatatu. Anakaa mtaa wa pili kutoka hapa, na njia ile huitembea peke yake huku akipapasa kuta. Simu ilipokatika akasema, "Mvua ikikatika, nakwenda."

"Na macho?"

"Nakwenda kwa ajili ya macho."

Daktari wake amesema presha ya macho imekwisha kula pande zote mbili. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Matone anayotiwa yanachelewesha tu. Dada anataka kuiona nyumba mara moja kabla tundu halijaziba kabisa. Ana miaka sabini na tisa. Safari ni ya mabasi matatu na usiku mmoja wa kulala kituoni.

Nikaropoka. Nikasema, "Usiende. Nitakuchorea."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wewe, mdogo wangu? Wewe unachora sabuni na viatu."

Ana haki. Mimi ni mchora mabango, au nilikuwa. Nimeandika majina ya nusu ya maduka ya mji huu kwa rangi ya mafuta. Kile kichwa cha mwanamume aliyenyolewa vizuri, kilicho kwenye mlango wa kinyozi wa sokoni, ni changu. Mwaka juzi kifua kiligoma, na daktari akanikataza rangi ya mafuta na tapentaini, hata kuzinusa. Binti yangu, ninayekaa kwake, akaninunulia kisanduku cha rangi za maji na kuniandikisha darasa la Jumanne na Alhamisi katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Kisanduku sijakifungua. Niliona ni vitu vya watoto.

Lakini nyumba ile haina picha hata moja, na tuliolala ndani yake tumebaki wawili. Dada alifikiri kidogo, akaweka sharti. "Ukinichorea nikaitambua, nitatulia hapa hapa. Ukishindwa, nakwenda, na wewe utanishika mkono."

Nikakubali. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe ninatamani kwenda, picha iwepo isiwepo.

4 Machi

Darasa la kwanza. Mwalimu ni msichana mdogo mwenye sauti ya chini, ambaye hutuita wote "wazee wangu" ingawa wengine ni akina mama wa makamo. Nilipekua kisanduku mara mbili.

"Mzee wangu, unatafuta nini?"

"Nyeupe."

"Haimo."

"Imekwisha?"

"Haikuwemo. Nyeupe ni karatasi. Unapotaka weupe, hupaki kitu."

Nilidhani ananitania. Maisha yangu yote nimeanza na rangi iliyoiva, kisha nikapandisha nyepesi juu yake, na mwisho kabisa nyeupe: ule mstari mwembamba unaofanya herufi ing'ae kana kwamba imelowa. Mteja akiuona mstari ule hutoa tabasamu. Hapa mambo yamepinduliwa. Unaanza na hafifu na kumalizia na iliyoiva, na weupe unauamua kabla hujagusa karatasi. Kwenye bango ukikosea unasubiri likauke, unafunika, na hakuna anayejua. Hapa ukikosea umekosea.

Jirani yangu wa mezani ni nesi mstaafu. Aliniona nimenuna akasema, "Mzee wa mabango, pole. Mimi nimechoma watu sindano maisha yangu yote bila mkono kutikisika. Angalia sasa." Brashi yake ilikuwa inatetemeka kama sharubu za paka.

6 Machi

Mvua imeanza. Karatasi haikauki.

11 Machi

Nilitaka ukuta tu. Ukuta mtupu, wa rangi ya udongo mkavu, usio na kitu. Nimepaka kuta na mabango yenye ukubwa wa lori, leo nimeshindwa ukuta wa ukubwa wa kiganja.

Rangi inakaa vizuri kwa muda. Kisha tone linarudi nyuma kutoka ukingoni na kufungua baka lenye kingo zilizokunjamana kama jani la kabichi. Nikijaribu kulifuta linakuwa mawili. Mwalimu anasema ni maji kukutana na maji kabla ya wakati wake, na unyevu wa mvua unazidisha. Anasema nisubiri. Nikamwuliza nisubiri mpaka lini. Akasema, "Mpaka karatasi iache kumeta." Nikakaa naitazama kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Ilipoacha kumeta nilikuwa nimesinzia.

13 Machi

Kama juzi.

16 Machi

Jumapili. Nilikwenda kwa Dada na penseli kupanga nyumba. Nilidhani ni kazi ya robo saa.

"Mlango wa kijani," nikasema.

"Bluu."

"Dada, kijani. Mimi ndiye mtu wa rangi."

"Wewe ulikuwa mtu wa rangi baadaye. Wakati huo ulikuwa mtu wa kamasi. Baba alipaka bluu iliyobaki kwenye mkokoteni."

"Mkokoteni ulikuwa wa kijani!"

"Basi mkokoteni ulikuwa wa watu wengine."

Tukahamia kwenye mlimau. Mimi nauona kulia kwa nyumba. Yeye anaapa ulikuwa kushoto, maana kivuli chake kiliingia chumbani kwake asubuhi. Nikamwambia kivuli cha asubuhi hakiwezi kuingia upande ule. Akasema yeye ndiye aliyelala humo, si jua. Tukaacha kusemezana mpaka chai ilipokuja.

Nimerudi na michoro miwili ya nyumba mbili. Njiani, chini ya mwavuli, nilijaribu kuuona ule mlango. Niliona kitasa. Nikajaribu kusogea nyuma ili nione mlango wote, nikaona kitasa tena.

20 Machi

Ushindi, nauandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Paa. Niliuinamisha ubao kidogo, nikavuta rangi kutoka juu kwenda chini nikiongeza maji kila mstari, na ikafifia yenyewe bila baka, kutoka kijivu cha bati mpaka karibu na hakuna. Nilikaa nikilitazama paa langu. Kisha nikaegemeza kiwiko juu yake.

25 Machi

Hakuna cha kuandika. Mvua.

27 Machi

Nesi amechora birika na limefanana na birika. Nilimpongeza huku nimeuma meno.

2 Aprili

Leo nimefanya ujinga, na nitauandika wote.

Tangu Jumamosi nilikuwa na picha nzuri. Nasema nzuri bila kujisifu: ukuta uliokubali, paa lililokubali, na mlimau nimeuweka nyuma ya nyumba ili kila mtu awe amekosea. Iliyobaki ilikuwa kamba ya nguo uani, kwa sababu Dada alisema Mama alianika mashuka kila Jumamosi na yalikuwa meupe kuliko ya majirani wote. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuacha nafasi ya mashuka. Ukuta nilikuwa nimeupaka wote. Nilijaribu kuusugua kwa sifongo kama Mwalimu alivyotuonyesha, lakini karatasi ikaanza kuota manyoya.

Binti yangu alikuwa kazini. Katika stoo, nyuma ya ndoo za mkwe wangu, kuna makopo yangu ya zamani ambayo nilisema nimeyagawa. Nikatoa la nyeupe. Kifuniko kilikataa, nikakibandua kwa bisibisi, na ile harufu ikanipanda kichwani kama mtu wa nyumbani aliyekuja bila hodi. Nikakohoa, lakini nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikachukua brashi yangu ya mstari, ile ya manyoya marefu, na kuvuta mashuka matatu kwa mikupuo mitatu. Mkono haukuwa umesahau kitu. Yaling'aa. Nikaiegemeza picha ukutani, nikasogea mbali nikajiambia: sasa ndiyo kazi.

Ilipofika saa kumi mashuka yalikuwa na kivuli cha manjano pembeni. Nilidhani ni macho yangu. Binti yangu aliporudi, mafuta yalikuwa yameshaingia katika nyuzi za karatasi na kutambaa. Ukuta wote ulikuwa na duara linalopitisha mwanga, kama karatasi ya kufungia maandazi. Nilipoigeuza, nyumba ilionekana upande wa pili.

Hakuuliza kitu kuhusu picha. Alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Baba, nyumba inanuka kazi."

"Nilifungua dirisha."

"Umefungua kopo au umefungua dirisha?"

"Vyote viwili."

"Unataka nikuzike mvua hii, barabara zote zimejaa matope? Hata jeneza halitapita." Akaanza kubeba makopo, mawili mawili, kuyapeleka kwa fundi wa jirani, akinena peke yake njia nzima. Lile la nyeupe alilibeba peke yake, ameliweka mbali na mwili kama mtu aliyeshika paka mchafu.

Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani. Rangi za maji haziwezi kufunika. Ndiyo yote. Sijawahi kufanya kazi na kitu kisichoweza kufunika.

3 Aprili

Nilipeleka ile picha darasani kwa sababu Mwalimu huwa anataka kuona makosa. Aliiinua kwenye mwanga. Nesi ndiye aliyesema: "Umeipaka mafuta kama mtoto aliyetoka kuogeshwa."

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi ambacho hakikukoma. Nesi alinishika mgongo na kunihesabia pumzi. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

8 Aprili

Kitandani. Kifua. Mvua juu ya bati.

10 Aprili

Kitandani. Dada alikuja akaketi miguuni pangu. "Usife kwa ajili ya mashuka," akasema. "Mama mwenyewe aliyachukia kuyafua." Kisha akaniuliza kama nasikia mvua inapungua. Nikamwambia bado. Najua anahesabu.

15 Aprili

Nimerudi darasani. Mwalimu ameniwekea sheria: brashi ikigusa mara moja, mkono unakwenda mgongoni. Alisimama nyuma yangu kama askari.

"Weka. Haya, acha."

"Kuna sehemu haijafika..."

"Itafika yenyewe. Mkono mgongoni, mzee wangu."

Ikafika yenyewe. Rangi ilitembea katika maji mpaka kona ile ya ukuta niliyotaka kuisaidia, ikasimama hapo, laini. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba maisha yake yote amekuwa akisukuma mlango unaofunguka wenyewe. Hilo halikunifurahisha kama inavyotakiwa.

17 Aprili

Mkono mgongoni. Bega linauma.

24 Aprili

Imekuja.

Niliamka alfajiri, mvua imetua kidogo, nikachora bila kunywa chai. Nyumba katika ukungu wa asubuhi. Rangi nilizipunguza mpaka zikawa kama pumzi kwenye kioo: ukuta ni udongo uliochanganyika na maziwa, paa ni kijivu kinachomalizikia hewani, na mashuka, safari hii, ni karatasi tupu niliyoizunguka kwa uangalifu wa kipofu. Hakuna baka. Hakuna mahali nilipogusa mara mbili.

Mwalimu aliishika mbele ya darasa. Alisema, "Angalieni alipoacha." Nesi akasema, "Basi tena. Kesho atatujia na kofia ya msanii na hatatusalimia." Nikatembea nyumbani kwenye mvua na picha ndani ya koti, naimba.

27 Aprili

Nimeipeleka.

Dada alikuwa amejitayarisha. Alivaa kitenge kizuri, akaketi dirishani ambako mwanga ni mwingi, akafuta miwani kwa upindo wa nguo. Nikaiweka magotini pake nikasimama. Nilikuwa na roho juu, kama kijana aliyeleta posa.

Aliisogeza karibu na uso. Akaizungusha polepole, kushoto, kulia, juu, akitafuta kwa lile tundu lake. Akarudia. Nilisikia kucha yake ikipita juu ya karatasi.

"Bado hujaanza?" akauliza.

Nilidhani anatania. "Dada, iko hapo. Mbele yako."

"Wapi?"

"Hapo. Hilo ni paa."

Akaitazama tena, kwa muda mrefu, na nikauona uso wake ukiamua kunionea huruma. "Aa," akasema. "Ndiyo. Paa. Nzuri sana, mdogo wangu."

"Huoni kitu."

"Naona..."

"Dada. Usinidanganye."

Akaishusha. "Karatasi tupu," akasema. "Nisamehe. Ni karatasi tupu. Nilidhani umeigeuza."

Nilikasirika. Sikukasirikia macho yake. Nilimkasirikia yeye, mwanamke mzee aliyevaa kitenge chake kizuri. Nikamwambia watu wote darasani wameiona. Nikamwambia nimekaribia kufa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa upole, "Hawa wa darasani, wamelala katika nyumba ile?"

Niliondoka bila kunywa chai. Miezi miwili nimejifunza kupaka kidogo, na kidogo zaidi, na nilipofaulu nimefaulu mpaka nikatoweka.

28 Aprili

Sikuchora.

29 Aprili

Sikwenda darasani. Binti yangu akaniuliza kama nimeacha. Nikamwambia mabango hayajawahi kuhitaji mtu mwenye macho mazuri. Yanasomeka mpaka na mlevi akiwa upande wa pili wa barabara.

1 Mei

Nilikwenda ili nirudishe brashi ya watu, nikajikuta nimewaeleza yote. Mwalimu alinisikiliza akiwa ameketi juu ya meza. Nesi hakusubiri nimalize.

"Umempima?"

"Daktari amempima."

"Si daktari. Wewe. Mtu anaona kiasi gani? Huwezi kumpa mgonjwa dawa bila kujua uzito wake. Mchoree mistari, kutoka hafifu mpaka nyeusi kabisa, umwulize anaanzia kuona wapi. Kisha hapo ndipo hafifu yako inapoanza."

Mwalimu akamwangalia kama mtu aliyeibiwa somo lake. Kisha akaongeza la kwake: "Na usiichore nyumba, mzee wangu. Chora giza lililoizunguka. Nyumba iache."

Sikurudisha brashi.

4 Mei

Nilimwomba Dada radhi. Akasema kipi, amesahau. Hajasahau.

Mistari minane kwenye karatasi moja. Alipita na pua yake juu ya karatasi kama mtu anayenusa mchuzi. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, kitu hakuna. Wa nne akasema, "Kama kivuli cha nzi." Wa tano akaugusa kwa kidole barabara katikati. "Huu upo," akasema. "Huu ni mtu mzima." Wa nane akasema, "Huu unanitazama."

Kwa hiyo hafifu yangu inaanzia mstari wa tano. Nusu ya kisanduku haina kazi.

8 Mei

Giza halikubali. Katika kopo nyeusi ni nyeusi. Hapa ukichanganya bluu na kahawia unapata usiku mzuri wenye kina. Ukiongeza tone moja la kitu kingine kwa tamaa, unapata maji ya kuoshea sufuria. Mimi huongeza hilo tone moja.

Binamu amepiga simu. Huko mvua imeanza kupungua.

13 Mei

Tope.

15 Mei

Tope. Mwalimu anasema naharakisha. Namwambia nina sababu. Anasema rangi haijui sababu zangu.

17 Mei

Karatasi kubwa, ya mwisho niliyonayo. Nimeilowesha yote, nikaacha kipande kimoja tu kikavu: mlango. Sikuchora penseli. Nimechoka kubishana na michoro ya nyumba mbili. Nikachanganya bluu na kahawia, nzito kama uji, nikaimwaga kutoka juu, na nikainua ubao. Giza lilishuka lenyewe. Lilizunguka mlango likasimama ukingoni, kwa sababu karatasi kavu hailiiti. Nikapiga paa kwa brashi pana, mara moja. Dirisha, mara moja. Bomba la maji ya mvua, ngazi, ukuta uliolowa, kila kimoja mara moja, na mkono mgongoni. Sikufikiri. Mkono ulijua kila kitu kilipo.

Ilipoacha kumeta nilisogea nyuma. Nyumba usiku wa mvua, na mlango umeachwa mweupe kabisa, kana kwamba ndani kuna taa na mtu amefungua sasa hivi. Binti yangu alipita na sufuria, akasimama. "Baba," akasema. Alisimama pale mpaka chakula kikaungua.

Ni kazi bora niliyowahi kufanya, na mabango yote nayatia hesabuni.

18 Mei

Dada hakuvaa kitenge kizuri safari hii. Nadhani aliogopa kunitia aibu. Nikamwekea picha magotini, na kabla hajaisogeza karibu akaruka kidogo.

"Mlango!" akasema. "Nauona. Uko wazi, mtu ataloa."

Nilikaa chini.

Akaanza kutembea ndani ya picha na tundu lake. Alikwenda juu, akapata paa. Akateremka na bomba, akacheka. "Hata bomba umeliweka." Akafika dirishani na hapo akakaa. Akarudi mlangoni, akashuka, akarudi tena dirishani. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio.

"Ni nzuri sana," akasema. "Nimeitambua."

"Kweli?"

"Kabisa. Ni kwako, kwa binti yako."

Nilimwambia hapana, ni kwetu. Akatikisa kichwa.

"Dirisha lina nondo. Kwetu tulikuwa na nondo? Nani angetuibia nini? Na ngazi hii ni moja, imemeguka kona. Kwetu zilikuwa tatu, na hakuna aliyekulia pale asiyejikwaa kwenye ya pili." Akaweka kidole chake juu ya ukuta, ubavuni mwa ule mlango mweupe. "Na hapa ndipo ninaposhika kila Jumatatu nikija. Huu ukuta naujua kwa mkono. Ungenitia kitambaa usoni ningekuambia ni kwako."

Nikaichukua picha. Nikatoka nayo mpaka dirishani nikaitazama kama mtu anayekagua noti ya bandia. Nondo. Ngazi moja, kona imemeguka. Niliimegua mimi mwenyewe mwaka ule tuliposhusha kabati. Bomba limepinda kama kiwiko pale pale mkwe wangu alipolipinda. Kila kitu nilichokipiga mara moja bila kufikiri, nikiamini mkono unakumbuka kwetu, ni kitu ninachokipita kila siku nikitoka kununua mkate.

Nikajaribu papo hapo, nimefumba macho, kuziona zile ngazi tatu. Nilipata kitasa.

"Nimeshindwa," nikamwambia.

"Umeshindwa," akakubali. "Vizuri sana, lakini umeshindwa. Sharti ni sharti. Nakwenda."

"Dada, utafika na huoni. Utaona nini?"

"Kuta zipo, si amesema? Nitazipapasa. Mimi kwa macho nimeshaachana na vitu vingi." Kisha akasema, "Wewe nimekusamehe ahadi. Hapo mlangoni ulipomwaga taa yote ile ni pa mtu aliyekwisha kufika kwake, si pa mtu anayeondoka. Na ukija na kifua hicho, mimi kipofu ndiye nitakayekushika mkono. Watu watatucheka kituoni."

Tulicheka kweli. Kisha akalia kidogo, nami nikatazama pembeni, kwa sababu ndivyo anavyotaka.

20 Mei

Nesi amejitolea kumsindikiza mpaka basi la pili, na kumfundisha binamu, atakayempokea hapo, kumtia matone. Mwalimu aliiomba ile picha aitundike ukumbini. Nikamwambia imeshapata mwenyewe.

25 Mei

Mvua imekatika. Barabara inatoa mvuke, na karatasi zimeanza kukauka upesi mno. Sasa hilo nalo nitalijifunza.

Dada ameondoka asubuhi. Picha ameikunja ndani ya kitenge na kuiweka begani, hakukubali iende kwenye buti la basi. Nilimwuliza ya nini, wakati hata si nyumba ile. Akasema wakimwona peke yake huko watamwuliza mdogo wake yuko wapi, na yeye hana maneno mengi. Atawakunjulia tu awaonyeshe ninapokaa.

Basi lilipoanza kusogea nilimpungia mkono, ingawa najua hauoni. Kisha nikatembea kurudi nyumbani.

Mimi sitarudi kule.